Njia za Kutafuta Mtoto: Isiolo na Safari za Matibabu ya Ugumba

Watu wa Isiolo wasiojaliwa mtoto walikuwa wakisafiri kutafuta tiba tangu kabla ya mji wenyewe kujengwa. Kwa nyakati mbalimbali safari hizo zimewafikisha kwenye kaburi la walii katika nyanda za juu za Ethiopia, kwenye hospitali za misheni za Meru na Samburu, Nairobi, Kampala na miji ya India. Njia zilibadilika kufuata sheria za mpaka, barabara na fedha. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililoamua nani apande gari na nani abaki nyumbani, nalo ni imani ya jamii kuhusu nani kati ya mume na mke ndiye mwenye kasoro. Kwa sehemu kubwa ya historia hii msafiri alikuwa mwanamke, na mara nyingi alikwenda bila mumewe.

Isiolo iko kilomita zipatazo 285 kaskazini ya Nairobi, mahali ambapo mashamba ya miteremko ya Mlima Kenya na milima ya Nyambene yanakoma na nyika ya malisho inaanza. Serikali ya kikoloni iliufanya mji huu makao makuu ya Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini mwishoni mwa miaka ya 1920, ikaweka na kituo cha karantini ya mifugo ili ng'ombe wa kaskazini wasipeleke maradhi kwenye mashamba ya walowezi. Askari wa Kisomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza walipewa ruhusa ya kukaa hapo na familia zao. Waborana wa Waso, yaani wale wa bonde la mto Ewaso Ng'iro, wakawa wengi upande wa mashariki, kuelekea Garba Tula na Merti. Wasamburu na Waturkana wakawa magharibi na kaskazini, na Wameru wakapanda kutoka kusini na biashara zao. Sensa ya 2019 iliihesabia kaunti nzima watu 268,002. Wazee wengi wa kaskazini, wakishuka kwenda Nairobi, bado husema wanakwenda Kenya. Kwao safari ya nje ilianza kwenye kizuizi cha polisi pembeni ya mji, mbali sana na uwanja wowote wa ndege.

Katika boma la wafugaji mtoto alikuwa mchungaji, mrithi wa mifugo na mwendelezaji wa jina. Boma lisilo na mtoto lilipungukiwa na vyote vitatu kwa mpigo, hivyo mila ziliweka njia kadhaa za kuziba pengo bila mtu kuondoka nyumbani. Waborana, kama Waoromo wengine, walikuwa na guddifachaa, utaratibu wa kupanga mtoto ambao ulimfanya mtoto wa kupewa awe mwana kamili wa ukoo mpya. Mume aliyekufa bila mrithi angeweza kupata watoto baada ya kifo chake kupitia ndugu aliyemrithi mjane. Wanaanthropolojia waliowachunguza Waborana wa mpakani waliandika pia kwamba mtoto aliyezaliwa na mke wa mtu alihesabiwa kuwa wa mume aliyetoa mahari, hata kama watu walijua kwamba mama alikuwa na mpenzi. Kwa maneno mengine, ugumba wa mwanamume ulikuwa na dawa yake ya kimyakimya, na ungeweza kupita maisha yake yote bila kutajwa. Utasa wa mwanamke haukuwa na sitara kama hiyo. Ulionekana, ukasemwa, na mara nyingi ukamletea mke mwenza.

Hali hiyo ilizidi kuwa nzito Waborana wa Waso walipoingia katika Uislamu, mkondo ulioshika kasi tangu miaka ya 1930 baada ya wao kutengwa kiutawala na ndugu zao wa Marsabit na Ethiopia. Sheria ya Kiislamu inalinda nasaba: mtoto huitwa kwa jina la baba aliyemzaa, na Sura ya al-Ahzab inakataza kumhesabu mtoto wa kulea kuwa mwana wa damu. Guddifachaa ikapoteza nguvu ya kisheria, ingawa kulea watoto wa ndugu kuliendelea, na mpenzi wa nje akawa zinaa. Milango miwili ya ndani ikawa imefungwa kwa kizazi kimoja au viwili. Mwanamke asiyezaa, pamoja na yule ambaye mume wake ndiye hakuwa na uwezo, alibakiwa na njia ya kwenda kuomba.

Mahali palipojulikana zaidi kwa maombi hayo palikuwa Dirre Sheikh Hussein, katika Bale, kusini-mashariki mwa Ethiopia. Sheikh Nur Hussein anasimuliwa kuwa ndiye aliyeeneza Uislamu katika nchi hiyo katika Karne za Kati, na kaburi lake, lenye kuba na kuta zilizopakwa chokaa nyeupe, limekuwa kituo cha ziara kwa Waoromo Waislamu na hata kwa majirani wasio Waislamu. Mahujaji hukusanyika hasa katika nyakati mbili kubwa za mwaka, mojawapo ikiwa msimu wa Idi ya kuchinja. Hutambulika njiani kwa fimbo yenye panda juu, na kwa nyimbo za sifa wanazoimba kwa kupokezana. Wanaporudi hubeba jawara, vumbi jeupe la mahali patakatifu, ambalo hupakwa mwilini au huonjwa kwa ajili ya baraka. Maombi ya kawaida ni afya, mvua na mtoto. Ombi la mtoto huja na nadhiri: aliyejibiwa atarudi na mnyama wa kuchinja, na mtoto mwenyewe akiwa mgongoni. Ethiopia iliiweka Dirre Sheikh Hussein katika orodha yake ya maeneo yanayopendekezwa kwa UNESCO mwaka 2011.

Kwa mtu wa Waso hija hiyo ilikuwa mwendo wa mamia ya kilomita kwa miguu au kwa vipande vya lori, kupitia nchi kavu na mpaka uliochorwa na mataifa mawili. Wengi hawakufika, lakini walii aliwafikia huko waliko. Mwanaanthropolojia wa Sweden Gudrun Dahl, aliyefanya utafiti miongoni mwa Waborana wa Isiolo katika miaka ya 1970, aliandika baadaye juu ya ngoma za ayaana kama tiba. Katika vikao hivyo vya usiku, pepo hupandishwa kwa ngoma, uvumba, kahawa na nyimbo. Vikao vya namna hii vina undugu na zari ya Ethiopia na Sudan na ngoma za pepo za pwani, ambako utasa na mimba zinazoharibika ni miongoni mwa matatizo yanayowaleta wanawake kwa mganga. Masheikh waliosoma Uarabuni au katika madrasa zenye msimamo wa marekebisho waliziita shirki, ngoma pamoja na ziara za makaburi, na kuanzia miaka ya 1980 sauti yao ilipata nguvu misikitini. Ziara hazikukoma. Zilipunguza kelele tu.

Wakati huohuo serikali ilikuwa imeifunga nchi. Sheria ya Wilaya za Pembezoni ya 1902 iliruhusu maeneo ya kaskazini kutangazwa kuwa yaliyofungwa, na sheria nyingine ya 1934 iliongeza mamlaka ya maofisa juu ya mwendo wa watu na mifugo. Aliyetaka kuingia au kutoka alihitaji pasi. Ruhusa za biashara ya ng'ombe zilitolewa kwa wanaume, na sababu ya mwanamke ya kutaka kuvuka haikuwa na nafasi katika fomu za namna hiyo. Misheni pia zilibanwa, maana maofisa waliogopa kuwaudhi Waislamu na hawakutaka wageni wasiowasimamia. Matokeo yake hospitali nzuri zilijengwa upande wa pili wa mstari, katika nchi ya Wameru: Chogoria ya Kanisa la Scotland mwaka 1922, kisha Maua ya Wamethodisti. Kutoka Isiolo mtu aliweza kuiona milima ambayo nyuma yake kulikuwa na daktari, na bado akakosa kibali cha kwenda.

Kufungwa kwa nchi hakukuzuia maradhi. Isiolo ulikuwa mji wa askari tangu mwanzo, na mwaka 1940 na 1941 ulipitiwa na majeshi makubwa, yakiwemo ya Afrika Kusini, yaliyokuwa yakielekea kupigana na Waitalia Ethiopia. Miji ya kambi na njia za malori Afrika Mashariki ilikuwa ndiyo miji ya kisonono na kaswende. Kisonono kisichotibiwa hupanda hadi mirija ya uzazi ya mwanamke, huiachia makovu, na yai halipiti tena. Kwa mwanamume kinaweza kuziba njia ya mbegu. Penisilini ilipoanza kupatikana kwa raia baada ya vita, sindano iliweza kuua vijidudu lakini haikuweza kuondoa kovu. Kwa hiyo kizazi cha wanawake waliopona ugonjwa walibaki na matokeo yake, na hakuna kipimo katika zahanati za nyika ambacho kingewaonyesha kilichotokea ndani yao.

Uhuru wa 1963 haukufungua njia mara moja. Vita vya Shifta, uasi wa waliotaka kaskazini ijiunge na Somalia, vilivyodumu hadi 1967, vilirudisha sheria za hatari kaskazini, na Isiolo ikawekwa chini ya kanuni hizo pamoja na wilaya za jirani. Waborana wa Waso waliingizwa katika vijiji vya ulinzi, na kipindi hicho wanakiita Daaba, wakati wa kusimamishwa. Mifugo iliuawa, ikataifishwa au ikafa kwa kukosa malisho karibu na vijiji. Hasara hiyo inahusu moja kwa moja historia ya matibabu, kwa sababu mfugaji alilipia daktari kwa kuuza ng'ombe au ngamia. Kaya iliyotoka Daaba na mbuzi wachache haikuwa na akiba ya kumpeleka mtu popote. Sheria ya Kinga ya 1970 ilizuia madai dhidi ya maofisa kwa mambo yaliyotendwa vitani. Sheria za hatari za kaskazini zilifutwa mwaka 1991.

Hata hivyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 hospitali zilianza kufikika. Wakatoliki walijenga hospitali Wamba, upande wa Samburu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa tegemeo la nchi nzima ya kaskazini. Wengine walishuka Meru, Nkubu na Maua kwa lori la mifugo, wakikaa juu ya magunia au pembeni ya ng'ombe. Mwanamke aliyefika kwa tatizo la kutozaa alipewa tiba iliyotolewa kote Afrika Mashariki: kusafishwa kizazi. Chombo kilikwangua ukuta wa mji wa mimba, mgonjwa akaruhusiwa, akaambiwa ajaribu tena. Tiba hiyo haifungui mirija iliyoziba, na ikifanywa bila usafi huongeza makovu mapya. Ilidumu kwa sababu ilikuwa rahisi, ilimpa daktari kitu cha kufanya, na ilimpa mgonjwa kitu cha kusimulia akirudi. Picha ya eksirei ya mirija, ambayo hupigwa baada ya dawa ya rangi kumiminwa kwenye kizazi, ilihitaji safari ya Nairobi. Kupima manii ya mume kulihitaji darubini tu na mtu wa maabara aliyefundishwa. Ndicho kipimo cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kilichoombwa mwisho, kama kiliombwa kabisa. Mwanamke angeweza kusafishwa mara tatu kabla mumewe hajaulizwa swali lolote.

Shirika la Afya Duniani lilipochunguza wanandoa wagumba katika nchi nyingi kati ya 1979 na 1984, Afrika kusini ya Sahara ilitofautiana na sehemu nyingine za dunia. Zaidi ya asilimia 85 ya wanawake waliochunguzwa huko walikuwa na tatizo linaloweza kutokana na maambukizi, wakati kwa dunia nzima kiwango kilikuwa karibu theluthi moja. Maana yake ilikuwa kwamba sehemu kubwa ya ugumba wa Afrika ingeweza kuzuiwa kwa antibayotiki za mapema na uzazi salama, na kwamba uliokwisha kutokea ulihitaji tiba ghali kuliko nyingine zote. Kaskazini mwa Kenya kuna mambo yanayoongeza mzigo. Kifua kikuu, ambacho huweza kushuka hadi mirija ya uzazi bila kumkohoza mtu, kimekuwapo kwa muda mrefu. Ukeketaji wa kushona, uliofanywa na Wasomali na baadhi ya majirani zao hadi na baada ya kupigwa marufuku na sheria ya 2011, huleta maambukizi na uzazi wa taabu. Bruselosi, ambayo hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi ya ng'ombe, mbuzi na ngamia au kwa kushika mnyama aliyetupa mimba, huvimbisha korodani za wanaume. Mfugaji anamjua sana mnyama anayetupa mimba. Ni wachache walioambiwa kwamba ugonjwa uleule unaweza kumgusa mchungaji.

Tarehe 25 Julai 1978 Louise Brown alizaliwa Oldham, Uingereza, baada ya Robert Edwards na Patrick Steptoe kulitungisha yai nje ya mwili wa mama. Miezi isiyozidi mitatu baadaye, tarehe 3 Oktoba, daktari Subhas Mukhopadhyay wa Kolkata alipata mafanikio kama hayo, ingawa wakubwa wake walimkejeli na heshima ikaja baada ya kufa kwake. Njia hii ililenga hasa mirija iliyoziba, tatizo ambalo Afrika ilikuwa nalo kwa wingi. Kwa Waislamu swali lilikuwa kama inaruhusiwa. Jibu lenye uzito lilitoka Misri mwezi Machi 1980, kwa fatwa ya Sheikh Gad al-Haq Ali Gad al-Haq: utungisho wa nje ni halali ikiwa yai ni la mke na mbegu ni za mume, ndoa ikiwa hai, na hakuna mtu wa tatu. Yai la mchangiaji, mbegu za mchangiaji na tumbo la kukodi vikakataliwa na wanazuoni wengi wa Sunni kwa hoja ileile ya nasaba.

Fatwa hiyo ilitatua tatizo la mke, ikamwacha mume. Ikiwa mbegu za mume zilikuwa chache au dhaifu, na mchangiaji ni haramu, hakukuwa na la kufanya. Hapo ndipo ugunduzi wa Brussels wa 1992 ulipokuwa na athari kubwa kwa nchi za Kiislamu pengine kuliko kwa Ubelgiji yenyewe. Mtaalamu huchukua mbegu moja na kuidunga ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno, hivyo mwanamume mwenye mbegu chache sana anaweza kuwa baba wa damu. Mwanaanthropolojia wa Marekani Marcia Inhorn, aliyeandika juu ya Misri, Lebanoni na Dubai, ameonyesha jinsi njia hiyo ilivyowaleta wanaume Waislamu kliniki kwa wingi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na faida kwa mwanamume kukubali kupimwa.

Kenya haikuwa na tiba hiyo bado. Wenye uwezo walikwenda Uingereza, Afrika Kusini, na zaidi India, ambako gharama ilikuwa chini, madaktari walizungumza Kiingereza, na ndege kutoka Nairobi kwenda Mumbai zilikuwa za kawaida kwa sababu ya biashara na ya jamii ya Wahindi wa Kenya. Kituo cha kwanza cha jirani kilikuwa Kampala: hospitali ya Dkt. Edward Tamale Sali huko Bukoto ilipata mtoto wa kwanza wa Uganda wa njia hii mwaka 2004. Nairobi ilifuata mwaka 2006, kupitia kituo cha Dkt. Joshua Noreh. Magazeti ya Kenya yaliwaita waliozaliwa kwa njia hii watoto wa chupa, na jina likashika, ingawa hakuna aliyekua chupani. Yai lililotungishwa hukaa maabara siku tatu hadi tano tu kabla ya kurudishwa kwenye mji wa mimba.

Siku hizo chache za maabara ni sehemu ndogo ya safari. Mwanamke huanza kwa sindano za homoni kwa siku zipatazo 10 ili mayai mengi yakomae pamoja, na kila baada ya siku mbili tatu hufanyiwa skani. Mayai huvunwa kwa sindano, siku ileile mume hutoa mbegu, viinitete hupandikizwa, kisha husubiriwa takribani wiki mbili kabla ya kupima mimba. Kwa mkazi wa Nairobi ni mfululizo wa asubuhi za foleni kliniki. Kwa mtu wa Merti au Oldonyiro ni karibu mwezi mzima mbali na mifugo na duka, mara nyingi kwa jamaa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na uongo wa aina fulani kuhusu sababu ya kuwa huko. Dawa nyingine za homoni zinatakiwa kuhifadhiwa kwenye baridi ya digrii 2 hadi 8, jambo linalomlazimisha msafiri kubaki mjini badala ya kujidunga nyumbani kwenye joto la nyika. Jaribio moja Nairobi kwa kawaida hupita shilingi laki nne, na duniani kote majaribio yanayoshindwa ni mengi kuliko yanayofaulu. Watu wa kaskazini huchangiana haraka kwa mazishi, harusi na matibabu ya figo. Kwa ugumba mchango ni mgumu, kwa sababu kuomba ni kutangaza. Kinachouzwa ni ngamia, kimyakimya, katika soko la mifugo la Isiolo, na sababu ikitajwa huwa ni karo ya shule.

Kwenda ng'ambo kulikuwa na kikwazo kingine ambacho Mkenya wa Nyeri hakukijua. Pasipoti hutolewa kwa mwenye kitambulisho, na kwa miongo mingi vijana wa jamii za kaskazini walioomba kitambulisho walipelekwa kwanza mbele ya kamati ya kuwahoji kuhusu wazazi na ukoo wao. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walifanyiwa ukaguzi maalumu na kupewa kadi za ziada. Wanandoa waliokuwa na fedha za kwenda India waliweza kupoteza miezi katika ofisi, na katika tiba hii miezi ina bei yake, kwa kuwa akiba ya mayai ya mwanamke hushuka haraka baada ya miaka 35. Rais William Ruto alitangaza mwisho wa uhakiki huo wa ziada akiwa Wajir mwezi Februari 2025.

Kulikuwa pia na cheti cha ndoa. Kliniki za nchi za Ghuba, kama zile za Dubai, huwadai wanandoa Waislamu uthibitisho wa ndoa kwa mujibu wa sheria, na nikaha nyingi za vijijini zilifungwa kwa mashahidi na dua bila karatasi. Sheria ya Ndoa ya 2014 ilitaka ndoa zote za Kiislamu zisajiliwe. Mahakama ya Kadhi ya Isiolo, ambayo wengi huijua kwa mirathi na talaka, ikawa hatua ya mwanzo katika safari za namna hiyo, na mume alilazimika kufika mwenyewe. Kwa namna ambayo hakuna aliyeipanga, fatwa na makarani walifanya kile ambacho ushauri wa wauguzi ulishindwa kufanya kwa miaka 50: walimtoa mwanamume nyumbani.

Kwa wasiobanwa na fatwa, wakiwemo Wameru, Waturkana na Wasamburu wengi wa kaunti hii, yai la mchangiaji na mama mbadala ni njia zinazoweza kufikiriwa, na hapo historia iligeuka ghafla. India, iliyokuwa soko kubwa la mama mbadala, iliwafungia wageni mlango mwaka 2015 na kupiga marufuku biashara hiyo kwa sheria ya 2021. Baadhi ya wateja wa dunia wakaanza kuitazama Nairobi, mji usio na sheria ya jambo hilo. Mwaka 2014 Jaji David Majanja wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya pacha waliozaliwa na mama mbadala na kuchukuliwa na maofisa wa watoto kwa sababu hospitali haikujua ni nani aandikwe kuwa mama. Aliona kwamba hakuna sheria ya Kenya inayokataza mpango huo, na kwamba ni kazi ya Bunge kuweka utaratibu. Mswada wa teknolojia ya kusaidia uzazi, unaohusishwa na mbunge Millie Odhiambo, umefikishwa bungeni zaidi ya mara moja tangu mwaka huo.

Nairobi ilikuwa imewahi kupokea wasafiri wa aina nyingine pia. Mwaka 2004 ilifichuka kwamba wanawake wagumba wa kanisa moja la London walikuwa wakisafiri hadi mitaa ya Nairobi na kurudi na watoto walioambiwa ni wa muujiza. Vipimo vya vinasaba havikuonyesha undugu, na Mahakama Kuu ya Uingereza ilimhesabu mmoja wa watoto hao kuwa aliyesafirishwa kiharamu. Mhubiri aliyeshtakiwa alirudishwa Kenya mwaka 2017 na akaachiliwa huru na mahakama mwaka 2023. Kisa hicho ni cha mbali na Isiolo, lakini kinaonyesha kwamba mwanamke anayesafiri peke yake, akiwa na aibu na bila karatasi za vipimo, huweza kuuziwa chochote, awe anatoka London au Garba Tula.

Lami iliyoanza kuelekezwa kaskazini kutoka Isiolo mwaka 2007 ilifika Moyale muongo mmoja baadaye, umbali wa takribani kilomita 500, na safari ya lori ya siku mbili au tatu ikawa ya basi ya siku moja. Mwaka 2019 hospitali ya umma ya St. Paul's, Addis Ababa, ilifungua kituo cha kwanza cha serikali ya Ethiopia cha utungisho wa nje. Njia ile ile ya kaskazini ambayo wahenga wa Waso waliifuata kwenda kwa Sheikh Hussein sasa ina kliniki mwisho wake, na kwa anayezungumza Kioromo haihitaji mkalimani. Uwanja wa ndege wa Isiolo, uliozinduliwa mwaka 2017 kwa jina la kimataifa, haukubadilisha mengi kwa wasafiri hawa. Anayekwenda India bado anaanza kwa gari hadi Nairobi.

Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya huduma za afya, zikiwemo za uzazi, katika kifungu cha 43, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na ugumba katika maisha yake. Kwa kiwango hicho kaunti ya Isiolo ina maelfu ya watu wanaohusika. Tiba ya maabara bado iko nje ya kaunti na kwa sehemu kubwa nje ya bima ya umma. Kwa wanaoamua kutosafiri, Sheria ya Watoto ya 2022 iliitambua kafala, malezi ya Kiislamu yasiyobadilisha nasaba, ambayo humpa mlezi haki na wajibu mbele ya serikali huku mtoto akibaki na jina la baba yake. Inakaribia kazi iliyokuwa ikifanywa na guddifachaa, isipokuwa kwamba haimwingizi mtoto katika ukoo mpya.